Graviye yetu inatoka wapi: historia ya kariere ya kilimani



Katika barua ya mwisho mmoja wa wafadhili wetu alituuliza neno fupi: graviye ya chumba cha pili cha materinite mtaitoa wapi? Ni swali la kawaida. Mwenye kutoa pesa anataka kujua inapita njia gani. Lakini swali lile lilipofika kwenye komite lilikula saa mbili na zaidi, na tuliachana bila kuelewana. Kuna waliosema tuandike tu kwamba inanunuliwa hapa hapa, basi, tufunge barua. Kuna waliosema kama tunajibu, tujibu na historia yake yote, hata pale inapotuletea haya. Hao wa pili njo walishinda. Kwa hiyo mwezi huu habari za likelemba na za mazishi tumezifupisha, mtusamehe.

Jina la kilima hatuliandiki. Wazee wa lubunga walituomba hivyo, maana mipaka ya mashimo bado iko mbele ya shefu wa grupema, na jina likipita kwenye karatasi linaweza kugeuka kuwa ushahidi. Memba wote wanakijua. Mfadhili atosheke na hili: kiko katika teritware ya Fizi, upande wa juu wa barabara ya taifa nambari 5, ile inayotoka Uvira ikipita Baraka na Fizi kuelekea Kalemie. Ni mahali milima inasogea karibu na ziwa mpaka nafasi ya kulima na kujenga inabaki kama mkanda. Mji wetu mdogo uko ndani ya mkanda ule. Maji iko chini yetu, jiwe liko juu yetu.

Asubuhi, mbele jua halijawa kali, unasikia nyundo. Si nyundo moja. Ni nyingi, ndogo ndogo, kila moja na mwendo wake, kama mvua inayoanza juu ya mabati. Mgeni anauliza ni nini. Sisi tumezoea, tunasikia pale tu zinaponyamaza, yaani siku ya Mungu na siku ya msiba.

Hata jina la kitu chenyewe linaonyesha tulipopita. Aliyebaki hapa wakati wa vita anasema graviye, na mahali inapotoka anapaita kariere. Aliyerudi kutoka Tanzania anasema kokoto, na mahali anapaita machimbo. Watoto waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu walichekwa shuleni juu ya neno kokoto. Leo maneno yote mawili yanatembea sokoni pamoja, na kuna bamama ambao kwa mnunuzi wa ONG wanasema graviye, kwa jirani yao wanasema kokoto. Sisi hapa tutaandika graviye, maana njo neno lililo kwenye fakture zetu.

Babu zetu hawakuuza jiwe. Nyumba ilikuwa miti na udongo, juu nyasi, na msingi wake ulikuwa ardhi iliyopigwa ikashikana. Jiwe lilikuwa la kusagia, la kuwekea chungu, la kuonyesha kaburi. Aliyeleta haja ya mawe mengi kwa mara moja alikuwa mkoloni, juu ya barabara na madaraja. Wakati wa Wabelgiji wanaume walidaiwa siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima, ikiwa ni kulima yaliyoamriwa na kazi zingine ambazo utawala ulizitaka. Mwaka 1942, juu ya vita ya Wazungu, siku zile zikafika 120. Wazee waliotusimulia hawakutofautisha sana kazi ya shamba na kazi ya njia. Yote ilikuwa kazi ya bwana mkubwa. Kubeba jiwe kwa kichwa kulikuwa adhabu, na mpaka leo katika familia zingine mtu mzima haoni vizuri kuonekana barabarani na jiwe kichwani. Baadaye ikaja salongo ya Mobutu, na jiwe likabaki vile vile: kitu unachobeba bila kulipwa, ukisimamiwa.

Tunalisema hili kwa sababu vijana wetu wanafikiri kilima kilikuwa cha pesa tangu zamani. Hapana. Kwa muda mrefu zaidi kilikuwa cha kujificha. Mwaka 1965, jeshi la serikali pamoja na mamluki wa Kizungu walipotua Baraka kutoka ziwani kupigana na waasi, watu walipanda. Tangu 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilishika sehemu za milima ya Fizi kwa miaka mingi, na Kinshasa ikatutazama sisi wote kama watoto wa waasi. Barabara iliachwa ife polepole. Mtu aliyetaka kujenga kwa simenti aliitafuta mbali, na akiipata alijenga chumba kimoja, cha kuonyesha. Graviye ya nini sasa?

Halafu 1996. Hatuna haja ya kuisimulia yote, kila memba ana yake. Vita ilishuka kutoka upande wa Uvira mwezi wa kumi, watu wakaingia mitumbwini. Novemba ya mwaka ule kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, na mwaka uliofuata Lugufu. Wengine walirudi mapema, wakakuta mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 mauaji ya Makobola, mamia ya raia, wakavuka tena. Kule Tanzania tulikatazwa kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Tulifyatua matofali, tukajenga nyumba za udongo, tukazaa, tukazika. Tulisema kila mwaka kwamba mwaka huu tunarudi.

Hapa njo tunafika kwenye sehemu ambayo waliorudi hawapendi kusikia. Kilima hakikulala wakati hatukuwa. Waliobaki walipanda kule kwanza kwa kukimbia risasi, baadaye kwa kutafuta chumvi na sabuni. Jinsi wanavyosimulia wenyewe, mashimo ya kwanza yalifunguliwa na watu waliokuwa hawana tena shamba salama: ukienda kulima mbali, hujui utakutana na nani, ukipasua jiwe nyuma ya nyumba yako, unaona njia yote. Ilikuwa kazi ya watu wachache na wanunuzi wachache zaidi. Lakini kila mtu alijua shimo hili ni la nani, lile ni la nani, na mtoto alirithi shimo la baba yake kama vile angerithi shamba. Desturi ikazaliwa bila sisi.

Oktoba 2005 HCR ikaanza kuvusha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Miaka minne baadaye, 2009, Lugufu ikafungwa. Tulishuka na shitingi, masufuria, jembe, na watoto ambao walikuwa wanauliza hapa ni wapi. Kiwanja cha baba ulikuta kina mtu. Wakati mwingine mtu yule alikuwa ndugu yako kabisa, naye alikaa pale miaka tisa akilinda na akizika wafu wa ukoo wakati wewe ulikuwa kwenye foleni ya mahindi ya PAM. Nani angemtoa? Ukapewa kipande nyuma, upande wa mteremko. Njo vile sisi waliorudi tulijenga karibu na kariere kuliko wengine wote. Hatukuchagua.

Tena ule wakati kila mtu alijenga. Ma-ONG yalikuja na miradi ya shule, ya vituo vya afya, ya vyoo, ya visima vyenye sakafu ya betoni. Simenti ilivuka ziwa, mabati yalivuka ziwa, lakini graviye huwezi kuivusha, ni nzito kuliko bei yake. Lazima itoke hapa. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya kilima, jiwe lililipwa makuta mkononi, siku ile ile.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa wafadhili ambao hawajaiona. Jiwe kubwa lililo ndani ya mlima linachomwa moto: kuni zinawekwa chini yake usiku, asubuhi linamwagiwa maji, linapasuka. Kisha wanaume wanaingia na baramini na nyundo kubwa, wanatoa vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kubeba. Vingine vinauzwa vile vile, kwa msingi. Vingine vinashuka kwa bamama. Mama anakaa chini, miguu imenyooshwa, mbele yake kuna jiwe pana. Anashika kipande ndani ya duara la mpira uliokatwa kutoka chemba ya gurudumu, ili kisiruke na vigae visiende kwenye macho, anapiga. Anapiga mpaka inakuwa ukubwa wa yai, na kwa dale ukubwa wa kidole. Anapima kwa beseni, beseni zinajaza burueti, burueti zinajaza bene. Mwenye shimo anachukua sehemu yake kwanza, halafu mwenye moto, halafu wabebaji. Mama anabaki na kinachobaki.

Mafundi wetu wanajua hesabu kwa moyo: kwa metre kube moja ya betoni nzuri, mifuko 7 ya simenti ya kilo 50, lita 400 za mchanga, lita 800 za graviye. Soma tena namba ile ya mwisho. Mfadhili anaposikia betoni anafikiri simenti, kwa sababu simenti iko na fakture na chapa. Lakini sehemu kubwa ya ukuta ule ni asubuhi za bamama.

Mutwalite yetu ilizaliwa pale. Daftari la kwanza, ambalo bado tunalo (panya walikula jalada), lina majina ya wanawake peke yao, nao walikuwa wavunja mawe. Walianza likelemba: kila Jumamosi kila mmoja anatoa bei ya beseni moja, mmoja anachukua yote. Waliorudi na waliobaki walikuwa ndani ya daftari moja, na tunathubutu kusema kwamba kabla ya makanisa, kabla ya semina za amani na fulana zake, lile daftari njo lilianza kuwakalisha pamoja. Siyo kwamba walipendana. Mwenye shimo alikuwa mara nyingi ni aliyebaki, na aliyevunja alikuwa mara nyingi ni aliyerudi, na ugomvi juu ya kipimo cha beseni ulikuwa wa kila siku. Kuna waliosukuma chini ya beseni kwa goti ili lichukue zaidi. Lakini mtu unayegombana naye juu ya beseni kesho utamuona tena, na keshokutwa. Kutoka likelemba ikatoka kasha la magonjwa, kisha kasha la mazishi, kisha ofisi hii yenye madirisha mawili. Msingi wake unaujua umetoka wapi.

Sasa ubaya wake.

Vumbi: kikohozi ambacho muuguzi anakiandika kama kikohozi tu. Vidole. Macho, memba wetu wawili wanaona upande mmoja. Watoto, ambao kwa sheria wako shuleni na kwa kweli wako kwa mama yao, wanamkusanyia vigae, kwa sababu minerval ya shule inatoka kwenye beseni lile lile ambalo linawatoa shuleni. Tumezungumza juu ya hili katika kila mkutano mkuu na kila mwaka tunaandika sentensi moja katika ripoti.

Na kuna ile ambayo waliotaka barua fupi walitaka kuifunika. Chumba cha kwanza cha materinite tulikijenga kwa haraka. Mradi ulikuwa na tarehe ya mwisho, tarehe ilikuwa inafika katikati ya mvua, na kama graviye haingekuwa tayari, sehemu ya mwisho ya pesa ingerudi ilikotoka. Hakuna aliyetufunga kamba. Sisi wenyewe tuliweka sahihi kwenye ile tarehe, na sisi wenyewe tulipanda kilimani kusema tunanunua yote inayopatikana, hata usiku. Watu walifanya kile ambacho kila mtu kwenye kariere anajua kuwa hakifanywi wakati wa mvua: badala ya kuanza juu na kushuka, walichimba chini ya mwamba, kwa sababu chini ni haraka. Ukuta ulianguka. Kijana mmoja alibaki ndani, mtoto wa memba wetu, aliyezaliwa Lugufu. Alikuwa na hesabu yake ya kununua honda ya taksi.

Kasha la mazishi lililipa sanduku na kitambaa. Tulikaa matanga, tuliimba, tulirudi nyumbani. Juma lililofuata mama yake alipanda tena, akakaa mahali pake, akashika mpira wake, na siku chache baadaye tulimlipa beseni zake kama wengine. Chumba kilimalizika kwa tarehe. Katika ripoti tuliyotuma hatukuandika juu ya yule kijana, maana fomu haikuwa na nafasi ya hivyo, na hatukuitafuta nafasi. Watoto wengi wamezaliwa katika chumba kile. Mama yule hajawahi kutusema vibaya, na hilo linatulemea kuliko kama angetusema.

Baada ya pale njo tulianza kutazama kilima, kukitazama kweli. Pale palipokuwa na majani mafupi na miti ya mavuno pamebaki jeraha jeupe, linaonekana kutoka ziwani, wavuvi wanalitumia kama alama ya kurudia. Katikati yake maji imechora ravini. Mwanzo ulikuwa mfereji ambao mtoto anauruka. Leo mtu mzima akiingia hauoni kichwa chake. Ravini ile inashuka moja kwa moja kuelekea vile viwanja vya nyuma tulivyopewa sisi waliorudi.

Na hatuwezi kusema hatukuonywa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Uvira, mito ya kutoka milimani ilishuka na mawe na miti, Mulongwe ikabomoa daraja na nyumba kwa maelfu, watu makumi wakafa. Mei 2023 ikawa Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko, zaidi ya watu 400. Hatudai kwamba kariere ndiyo iliua watu wale. Mvua ilikuwa kubwa, milima imekatwa miti kila upande, na watu wamejenga mahali mto unalala. Lakini kila mtu hapa aliposikia Nyamukubi aligeuza shingo na kutazama juu.

Cha kushangaza ni kwamba maji ile ile inatuomba mawe. Ziwa Tanganyika limepanda. Wazee wanakumbuka 1964, jinsi lilivyokula pwani. Sasa, tangu 2020 na tena 2024, limerudi kuchukua nyumba, njia na bandari ndogo kutoka Uvira mpaka Kalemie. Ndugu zetu wa chini wanataka kuinua misingi, wanataka kuta za mawe mbele ya mawimbi. Wanapanda kwa burueti kununua. Wakazi wa mteremko wanaomba kilima kiachwe, wakazi wa pwani wanaomba kilima kishuke kwao. Wote ni memba, wote wanalipa mchango. Kuna familia moja ambayo baba anakaa chini na mtoto wake anakaa juu, na katika mkutano walinyoosha mikono tofauti.

Juu ya yote hayo, mwaka jana alikuja mfanyabiashara na karatasi kutoka provensi. Anataka kuweka konkaseri, mashine ya kusaga mawe. Mashine inasaga kwa siku moja kile ambacho bamama wote wanavunja kwa majuma. Aliahidi kazi kwa vijana na njia nzuri ya bene. Hakusema bamama watafanya nini.

Watu waliuliza: lakini kilima ni cha nani hata mtu wa mjini aje na karatasi? Tukatafuta, na tunaandika tulichopata kwa sababu wengi hawakukipenda. Juni 1966 sheria inayoitwa ya Bakajika iliweka ardhi yote na yaliyo chini yake mikononi mwa Leta. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikakaza: udongo ni mali ya Leta peke yake. Kuhusu ardhi ambazo vijiji vinakalia kwa desturi, ilisema haki zao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka makumi ilipita tukingoja ordonansi ile. Kode ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inatenganisha haki ya udongo na haki ya kilicho chini yake, na kariere zinaingia ndani ya hesabu hiyo. Kwa maneno mengine, mwenye karatasi ya kiwanja hana karatasi ya jiwe. Na mwenye shimo kwa desturi, yule aliyebaki, aliyelifungua chini ya risasi, mbele ya sheria hana cha mmoja wala cha pili. Waliorudi tulicheka kidogo tuliposikia. Kisha tukakumbuka viwanja vyetu.

Ile kode ya 2018 ina kitu kizuri pia: mwenye kibali cha kudumu cha kariere analazimishwa kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi. Tulikisoma kwa sauti katika mkutano. Mama mmoja wa lile daftari la kwanza aliuliza 0,3 ni ngapi kwa beseni mia moja. Mhasibu akafanya hesabu: haifiki nusu ya beseni. Alicheka mpaka akafuta macho, kwa sababu wao, bila kode, walikuwa wanatoa beseni moja kila Jumamosi.

Mtu asifikiri kwamba tuko wote upande mmoja juu ya konkaseri. Vijana wengi wanaitaka. Wanasema sisi wazee tunapenda umaskini wa mama zetu kwa sababu unatupa hotuba. Wana haki kiasi. Mashine haikohoi, na mtoto hatatolewa shuleni kuilisha vigae. Wengine wanajibu kwamba mashine haina likelemba, na siku graviye ikipita nje ya mikono ya bamama, makasha yetu matatu yatakauka, na tutarudi kungoja miradi kama tulivyongoja mahindi. Wengine, wachache, wanataka kilima kifungwe kabisa, na mama wa yule kijana si mmoja wao.

Komite ilichukua msimamo, na tunauandika hapa ili tuweze kuulizwa baadaye. Ule mkanda wa kilima ulio juu ya nyumba, kutoka ravini mpaka kwenye mti wa mkutano, usiguswe na mtu, awe na karatasi au na desturi. Tumeanza kupanda matete na mianzi ndani ya ravini, na mawe yaliyokataliwa tunayapanga kama ngazi ili maji ipunguze mwendo. Mutwalite hainunui tena graviye kuanzia mvua kubwa inapoanza mpaka inapokwisha. Hainunui iliyotoka chini ya mwamba, na hatuna haya kupanda kutazama. Juu ya mfanyabiashara, tulimwandikia shefu wa sektere kuomba karatasi ile isomwe mbele ya watu wote. Jibu halijafika. Juu ya watoto bado hatujaelewana, na hatutaki kuandika sentensi nyingine ya ripoti.

Kwa mfadhili aliyeuliza: graviye ya chumba cha pili inatoka pale pale. Hakuna kwingine. Tunachoomba si pesa zaidi, ni tarehe. Mkataba ukiweka mwisho wa kazi mwezi wa tano, tutakuwa tunanunua katikati ya mvua, na sasa mnajua maana yake. Uwekeni mwezi wa tisa.

Tulianza kununua Juni iliyopita, beseni kwa beseni, katika siku kavu. Iko nyuma ya ofisi, imepimwa, imefunikwa na shitingi ya zamani ya HCR ambayo bado inashika. Anayetaka kuja kuihesabu, mlango unafunguliwa saa mbili asubuhi.